Pushapu 8 safi zashinda 50 za kujidanganya

Shuka ufuoni Malindi jioni, upande wa nguzo ya Vasco da Gama, au Bofa kule Kilifi. Hutakosa kundi la vijana vifua wazi, mmoja yuko chini mchangani, wengine wanamhesabia: "Thelathini na nane! Thelathini na tisa!" Sasa mtazame vizuri. Kiuno kimebonyea, viwiko vimetanuka kama mbawa za kuku, kinachoshuka ni kichwa tu. Kifua hakijaenda popote.

Najua kwa sababu huyo alikuwa mimi. Nilipoacha chuo niliingia mjengo, kazi ya kubeba karai. Jioni moja nikabishana na mabeshte, nikapiga 50. Kesho yake bega la kulia likagoma, karai haikupanda. Wiki nzima nilikaa nyumbani, na kibarua unakijua: hujaenda, hujalipwa.

Kwa hivyo wacha nikupe pushapu ambayo wengi huidharau: ile ya kuweka mikono juu ya kitu kilichoinuka. Hesabu yake iko hivi. Ukipiga ya kawaida chini, mikono hubeba karibu asilimia 64 ya uzito wako. Ukiiweka juu ya kitu cha sentimita 60, hubeba karibu asilimia 41. Mwenye kilo 70 ametoka kilo 45 hadi 29 hivi. Nafuu hiyo ndiyo inakupa nafasi ya kufanya vizuri.

Tafuta ukuta mfupi au benchi isiyotikisika. Ngalawa achana nayo: inacheza, na mwenyewe akikupata utajieleza. Weka viganja ukingoni, upana uzidi mabega kidogo. Rudisha miguu nyuma hadi mwili unyooke kama ubao, kutoka kichwani hadi visiginoni. Kaza tumbo na makalio, ndiyo dawa ya kiuno kubonyea.

Shuka pole pole ukivuta pumzi: moja, mbili, tatu. Viwiko vielekee nyuma kwa mshazari. Mtu akikutazama kutoka juu aone mshale, si herufi T. Kifua kikikaribia ukingo, sukuma ukitoa pumzi hadi mikono inyooke. Shingo ifuate mgongo, usiutafute ukingo kwa kidevu.

Piga 8, pumzika dakika moja au mbili, rudia hadi raundi 3. Siku 3 kwa wiki zatosha, ukiruka siku katikati. Kiuno kikianza kubonyea, raundi imeisha, hata kama ndio kwanza umefika 5. Ukiweza 12 safi raundi zote, hamia kitu kifupi zaidi, hadi ufike chini.

Ukifika mchangani, ngoja maji yapwe ufanyie kwenye mchanga mgumu wenye unyevu. Ule mkavu humeza kiganja, kifundo cha mkono kikapinda vibaya. Na tofautisha uchovu wa msuli na maumivu: bega likichoma, acha hapo hapo. Likiendelea, muone daktari.

Mimi nilianzia ukutani wakinicheka. Leo karai inapanda na bega halilalamiki. Kwa hivyo jioni hii wakianza kukuhesabia, waambie waache namba, wakuangalilie kiuno.