Kadi ya Mtandao Inapogombana na Kompyuta Kongwe



Ndugu msomaji, baadhi ya wazazi wametuuliza kwa nini vyeti vya vijana waliosoma hapa zamani vilichelewa. Sababu ni kompyuta moja ya 486 iliyokuwa stoo, inayotumia Windows 95, ambayo ndani yake tu ndimo yalimobaki matokeo yao. Haina mlango wa USB, na sehemu ya kusomea disketi ilishakufa. Tukaona tuitie kadi ya mtandao, tuyatoe majina kwa waya.

Kadi ya ISA haipatikani siku hizi kwenye maduka ya Mtaa wa Msimbazi. Tuliipata Kariakoo kwa fundi, chini kabisa ya boksi la vyuma chakavu, kadi ya aina ya NE2000. Tulipoipachika na kuwasha, kipanya kikaganda, na mtandao nao haukuonekana.

Tatizo lilikuwa hili. Kila kifaa kinapotaka kusikilizwa na prosesa hupiga kengele yake, na kila kengele ina namba, inayoitwa IRQ. PC ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na kengele 8. PC/AT ya mwaka 1984 ikafikisha 16, kuanzia 0 hadi 15, ingawa namba 2 hutumika kuunganisha kundi la pili na la kwanza. Nyingi zina wenyewe: 0 ni ya saa ya mfumo, 1 kibodi, 4 mlango wa COM1, 3 COM2, 6 disketi, 7 printa, 14 diski kuu. Katika ISA vifaa viwili havipaswi kupiga kengele moja kwa wakati mmoja, maana prosesa haitajua nani ameita. (PCI, iliyotoka mwaka 1992, inaruhusu kuchangia, ndiyo maana vijana wa leo hawaujui ugomvi huu.)

Kadi yetu ilikuwa imepangwa namba 3, na kipanya chetu kilichomekwa COM2. Tukazima, tukachomoa waya wa umeme, tukagusa bati la kasha ili umeme tuli ututoke mwilini, kisha tukahamisha jampa kwenda 5. Kipanya kikapona, lakini spika zikanyamaza: 5 ilikuwa ya kadi ya sauti. Hapo tulikosea kwa haraka. Tungefungua kwanza orodha ya vifaa ndani ya Windows, tungeona namba zilizo huru, na alama ya njano kwenye kifaa chenye mgogoro. Tukaweka 10. Anwani ya kadi, 300, hatukuigusa, kwa kuwa haikuwa na mwingine. Nayo ikigongana, hata IRQ nzuri haikusaidii.

Jambo moja zaidi: ukihamisha jampa, iambie na Windows namba ileile, la sivyo itaendelea kusikiliza kengele ya zamani. Sisi tuliisahau, tukapoteza saa nzima tukilaumu waya.

Faili tulilituma kwa programu ya ftp iliyomo ndani ya Windows 95 yenyewe. Kasi ni megabiti 10 kwa sekunde, na kwa orodha ya majina inatosha na kubaki. Nakala mbili zimeshawekwa kwenye kompyuta nyingine. Mzazi ambaye cheti cha mwanawe bado, afike ofisini baada ya sala ya Alasiri.