“Mtoto Anachemka!” Joto la Mwili ni Nini?

Kila mzazi amewahi kusema au kusikia maneno haya. Mkono hupelekwa kwenye paji la uso, kisha shingoni, na hapo wasiwasi huanza. Lakini hicho tunachokiita joto ni nini hasa? Mpendwa msomaji, mwezi huu tulitazame swali hilo, kwa maana anayeelewa joto hujua la kufanya mtoto anapopata homa, na la kuepuka.

JOTO NI MWENDO

Kila kitu alichokiumba Mungu kimefanyika kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Katika maji na hewa chembe hizo huitwa molekuli. Hazitulii hata kidogo. Ndani ya jiwe chembe hutikisika mahali pake, katika maji hupishana, na hewani huruka zikigongana kwa kasi ya wastani ya zaidi ya mita 400 kwa sekunde.

Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona kwa hadubini vichembe vilivyotoka katika chavua vikichezacheza majini bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kuwa vilikuwa vinasukumwa na molekuli za maji. Basi kipimajoto kinapoonyesha nyuzi fulani, kinatuambia wastani wa nguvu ya mwendo huo. Chembe zikienda kasi, kitu ni cha moto. Zikipunguza mwendo, kitu ni baridi.

MKONO SI KIPIMAJOTO

Joto husafiri pale chembe za kasi zinapozigonga zile za polepole. Kwa hiyo mkono huhisi tofauti tu kati yake na kile unachokigusa. Mama aliyetoka kufua kwa maji ya baridi akimgusa mtoto mzima, atadhani anaumwa. Mwenye homa akimgusa mwanawe mwenye homa, huenda asione kitu.

Tumia kipimajoto kwapani. Joto la nyuzi 37.5 za Sentigredi au zaidi ni homa. Siku hizi viko vya kidijitali vinavyotumia betri. Vile vya kioo vyenye zebaki vinaondolewa kwa sababu zebaki ni sumu. Kikivunjika, usiiguse kwa mikono na uwaondoe watoto mahali hapo.

KWA NINI NYUZI MBILI ZINATULEMEA?

Kutoka nyuzi 37 hadi 39, nguvu ya mwendo wa chembe haiongezeki hata kwa sehemu moja katika mia. Lakini mwili umepangwa kwa makini mno: kila nyuzi moja ya homa huongeza kazi ya mwili kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana mtoto huhema upesi, hukaukiwa na kuishiwa nguvu.

Homa yenyewe ni agizo la ubongo. Vijidudu vikiingia, ubongo hupandisha kiwango cha joto ili kusaidia kupambana navyo. Mwili ambao bado haujafikia kiwango hicho huona baridi na kutetemeka, ingawa unazidi kupata moto. Hapo ndipo wengi wetu humfunika mtoto mablanketi mazito, na joto hukosa njia ya kutoka.

FUNZO LA MTUNGI

Maji ya mtungini hupoa kwa nini? Hupenya polepole kwenye udongo, na nje molekuli zenye kasi kubwa huruka na kuwa mvuke. Zinazobaki ni za polepole, yaani maji ya baridi. Jasho hufanya kazi hiyohiyo juu ya ngozi. Lakini ili jasho likauke, panahitajika hewa.

BASI TUFANYEJE?

1. Mvishe mtoto nguo nyepesi na umweke penye hewa.
2. Mnyonyeshe au mpe vinywaji mara kwa mara.
3. Akisumbuka kwa homa, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Asipewe aspirini.
4. Usimwogeshe kwa maji ya baridi wala kumpaka spiriti. Akitetemeka, misuli yake hutengeneza joto zaidi. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu hupunguza joto kidogo tu na kwa muda mfupi.
5. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe malaria. Parasetamoli hushusha joto lakini haiui vijidudu vya malaria. Wengi wamedanganyika kwa kuona mtoto amepoa, kumbe ugonjwa unaendelea.

Mtoto mchanga mwenye homa asingojewe hata kidogo. Vilevile akipoa kupita kiasi, chini ya nyuzi 35.5, yumo hatarini. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto la mama yake, na mwende hospitali.

DEGEDEGE SI PEPO

Homa yaweza kuleta degedege. Katika sehemu zetu wako wanaolihusisha na ndege au pepo, wakamfukiza mtoto moshi na kuzunguka kwa waganga hadi saa za kumwokoa zinapita. Degedege laweza kuwa dalili ya malaria iliyopanda kichwani au ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, wala kijiko wala dawa, kisha mkimbize hospitali.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumwomba Mungu tunapougua na kumpa tabibu nafasi yake. Mambo haya mawili huenda pamoja. Basi tusali, na huku tukisali tuwe tayari njiani kwenda zahanati.