Sheria ya Miaka 16: Australia Yazinyima Kampuni Udhuru wa Kutojua

Tangu tarehe 10 Desemba 2025, mtu aliyeko Australia ambaye hajatimiza umri wa miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, na kampuni ya mtandao ikishindwa kuchukua hatua stahiki za kumzuia inaweza kutozwa faini inayofikia dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Sheria hiyo imezoeleka kuitwa marufuku kwa watoto, jina ambalo si la uongo lakini linaficha kiini chake, kwa kuwa hakuna kifungu kinachomwadhibu mtoto aliyefungua akaunti wala mzazi aliyemsaidia kuifungua. Anayewajibika ni kampuni peke yake. Namba 16 imebishaniwa sana na itaendelea kubishaniwa. Lililo jipya zaidi ni kwamba kampuni imevuliwa udhuru uliokuwa ukiilinda kwa zaidi ya miaka ishirini, yaani udhuru wa kusema kwamba haikujua.

Ili kuuelewa udhuru huo hapana budi kurudi Marekani katika mwaka 1998, Bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria ya kulinda faragha ya watoto kwenye intaneti, ambayo ilianza kutumika Aprili 2000. Sheria hiyo haikuhusu madhara ya mitandao ya kijamii, ambayo wakati huo ilikuwa haijaenea, bali ilihusu taarifa binafsi, yaani jina, anwani na mambo mengine yanayomtambulisha mtu. Kampuni iliyotaka kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 ilipaswa kwanza kupata ridhaa ya mzazi. Pendekezo la awali lilitaja umri mkubwa zaidi, ukapunguzwa katika majadiliano, na namba 13 ikaenea duniani kote kana kwamba ilitokana na utafiti wa makuzi ya mtoto. Jambo lililoleta athari kubwa zaidi lilikuwa sharti jingine: tovuti isiyowalenga watoto hasa ilibanwa na sheria pale tu ilipojua kwa hakika kwamba mtumiaji wake ni mtoto. Kwa sharti hilo kutojua kukawa na faida, kwani kampuni iliyouliza mwaka wa kuzaliwa na kukubali jibu lolote ilikuwa salama kuliko ile iliyochunguza. Mtoto wa miaka 10 alihitaji tu kutelezesha orodha ya miaka hadi chini kidogo, akachagua mwaka unaomfaa, na papo hapo akahesabiwa miongoni mwa watu wazima.

Kwamba kutojua huko mara nyingine kulikuwa kwa kujifanya kulidhihirika mwaka 2019, Google na YouTube zilipokubali kulipa dola milioni 170 za Marekani ili kumaliza shauri lililofunguliwa na mamlaka za nchi hiyo. Katika shauri hilo ilielezwa kuwa YouTube ilikuwa ikijinadi kwa watengenezaji wa vitu vya kuchezea, wakiwamo Mattel na Hasbro, kama mahali pazuri kuliko pote pa kuwafikia watoto, huku mbele ya sheria ikijitambulisha kuwa huduma ya umma kwa jumla. Umoja wa Ulaya nao, katika kanuni zake za taarifa binafsi zilizoanza kutumika Mei 2018, uliweka umri wa miaka 16 na kuziruhusu nchi wanachama kuushusha hadi 13, lakini kanuni hizo pia zilihusu ridhaa ya kutumia taarifa, na mtoto mwenye ridhaa ya mzazi aliendelea kuruhusiwa.

Australia ilikwenda njia nyingine, na ilikwenda kwa haraka. Msukumo ulianzia katika jimbo la Australia Kusini, ambako waziri mkuu wa jimbo, Peter Malinauskas, ameeleza hadharani kwamba mkewe alikisoma kitabu cha mwanasaikolojia Jonathan Haidt kuhusu wasiwasi wa kizazi cha simujanja, kilichotoka mwaka 2024, akamhimiza achukue hatua. Serikali ya shirikisho chini ya Anthony Albanese ililichukua suala hilo, mswada ukawasilishwa tarehe 21 Novemba 2024, na kabla ya mwezi huo kwisha ukawa umepita katika mabaraza yote mawili ya Bunge, ilhali wananchi walipewa takriban siku moja tu ya kupeleka maoni mbele ya kamati ya Seneti. Maoni yapatayo 15,000 yalifika ndani ya muda huo mfupi. Ni vigumu kuamini kwamba yalisomwa yote, na sheria inayogusa faragha ya taifa zima ilistahili mjadala mrefu zaidi ya huo.

Kinachokatazwa hasa ni akaunti, wala si kutazama, na tofauti hiyo ndiyo inayowapotosha wengi. Mtoto wa Sydney bado anaweza kufungua YouTube bila kujisajili na kutazama video, lakini hawezi kuwa na jina lake la kuingilia, wafuasi wake, wala ukurasa unaomkumbuka. Sababu ni kwamba akaunti ndiyo kumbukumbu ya kampuni kuhusu mtu: humo huhifadhiwa alichokitazama hadi mwisho, alichokiruka, saa anazokesha na watu anaofuatana nao, na kwa kumbukumbu hiyo algorithimu, yaani utaratibu wa kompyuta unaochagua kitakachofuata kwenye skrini, humpangia mtumiaji mfululizo usiokoma, na arifa humwita arudi pale anapoiweka simu chini. Orodha ya huduma zilizobanwa ina Facebook, Instagram, Threads, TikTok, Snapchat, X, YouTube, Reddit, Twitch na Kick. WhatsApp imeachwa nje kwa kuwa kazi yake kuu ni kutumiana ujumbe, na YouTube yenyewe ilikuwa imeahidiwa msamaha hadi Julai 2025, serikali ilipobadili msimamo baada ya ushauri wa Julie Inman Grant, aliyekuwa kamishna wa usalama wa mtandaoni wakati huo.

Kampuni itajuaje umri wa mtu asiyeonekana? Njia ziko tatu. Ya kwanza ni uthibitishaji, ambapo mtumiaji huonyesha kitambulisho au benki yake husema tu kwamba ametimiza umri. Ya pili ni ukadiriaji, ambapo kompyuta huangalia picha ya uso na kutoa kadirio la miaka. Ya tatu ni kukisia kutokana na mwenendo, kwa mfano akaunti iliyofunguliwa miaka mingi iliyopita, lugha inayotumika, au salamu za siku ya kuzaliwa zinazotaja umri halisi. Sheria inaikataza kampuni kutegemea kitambulisho cha serikali kama njia pekee, na taarifa zilizokusanywa kwa ajili ya kupima umri zinapaswa kuharibiwa kazi ikiisha. Majaribio yaliyoendeshwa kwa niaba ya serikali mwaka 2025 yalionyesha kwamba teknolojia hizi zinafanya kazi, lakini pia kwamba hakuna moja inayofaa kila mahali, na kwamba ukadiriaji wa uso hukosea zaidi karibu na mpaka wa umri, ambako ndiko unakohitajika, na uthabiti wake hupungua kwa baadhi ya makundi, wakiwamo watu wasio na asili ya Ulaya. Kijana wa miaka 17 mwenye uso wa kitoto atajikuta akidaiwa ushahidi ambao mdogo wake mwenye ndevu changa hakudaiwa.

Hapo pia ndipo penye gharama ambayo watetezi wa sheria hawapendi kuitaja. Mtoto hawezi kutambuliwa bila watu wazima nao kupimwa, kwa kuwa kampuni haijui yupi kati yao ni mtoto mpaka imepima, na hivyo sheria iliyokusudiwa kupunguza taarifa ambazo kampuni inazo kuhusu watoto inaweza kuongeza zile ilizonazo kuhusu wengine wote.

Katikati ya Januari 2026 serikali ilitangaza kwamba akaunti zipatazo milioni 4.7 zilikuwa zimefungwa au kuzuiwa. Namba hiyo ni kubwa, lakini ni hesabu ya akaunti, wala si ya watoto, na kijana mmoja huweza kuwa na akaunti nne katika mitandao mitatu. Zaidi ya hayo, haisemi wangapi walijisajili upya kwa umri mwingine au walihamia huduma zisizo katika orodha. Wakati huohuo, Reddit na vijana wawili wanaoungwa mkono na kikundi cha kutetea uhuru wa mtandaoni waliipinga sheria mbele ya mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo. Kabla ya hapo, Oktoba 2024, wataalamu zaidi ya 140 walikuwa wameiandikia serikali barua ya wazi wakisema marufuku ni chombo butu mno. Hoja yao yenye uzito zaidi inahusu mambo yanayobaki: huduma iliyobuniwa kumshikilia mtumiaji haibadiliki kwa sababu mtumiaji amesubiri hadi kutimiza miaka 16, na kampuni iliyowaondoa wadogo yaweza kudai kwamba haidaiwi tena kuirekebisha.

Afrika Mashariki haiko mbali na suala hili kama inavyodhaniwa. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019, katika kifungu cha 33, inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na mtoto kwa Katiba ya Kenya ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kifungu hichohicho kinamtaka anayezishughulikia awe na utaratibu wa kuthibitisha umri. Kwa maneno mengine, wajibu wa kujua tayari umeandikwa. Faini iliyovuma zaidi katika eneo hilo, ya zaidi ya shilingi milioni 4.5, ilitolewa mwaka 2023, na iliyotozwa ilikuwa shule iliyochapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Mtandao wa kijamii unaompokea mtoto kwa mwaka wa kuzaliwa aliojichagulia ni mtu mwingine kabisa, mwenye makao makuu ng'ambo na mawakili wengi.

Utekelezaji wa aina ya Australia ungekutana huku na mambo ambayo watunga sheria wa Canberra hawakuyafikiria. Nchini Kenya kitambulisho cha taifa hutolewa mtu akitimiza miaka 18, kwa hiyo kijana wa miaka 16 au 17 hana cha kuonyesha hata akiwa na haki ya kuingia. Na katika nyumba nyingi simu ni moja, laini imesajiliwa kwa jina la mama, akaunti ni ya mama, naye anayeishika simu hiyo kuanzia saa kumi za jioni, mama akiwa jikoni au bado yuko kazini, ni mtoto wa darasa la tano.