Chumba cha Aprili: Kupanga Safari ya Gharama Ndogo Bagamoyo

Bei ya chumba cha ufukweni Bagamoyo haipangwi na mwenye hoteli peke yake. Inapangwa pia na baridi ya Ulaya, likizo za shule, mwaka wa fedha wa serikali na mawingu ya masika. Anayezijua kalenda hizo atalala palepale alipolala mtalii wa Agosti na kubakiwa na nauli ya kurudia kwao. Asiyezijua atafika Aprili akiamini kila kitu ni rahisi, kumbe kaangukia wikiendi ya sikukuu, na bei ni ile ile ya Krismasi.

Wageni wa mbali huijaza pwani yetu mara mbili kwa mwaka. Kuanzia Desemba hadi Februari wanakimbia baridi ya kwao, nasi tuko kwenye kaskazi na jua lake. Wanarudi tena mwishoni mwa Juni hadi Septemba kwa likizo zao ndefu, wakati sisi tuko kwenye kipupwe na usiku unahitaji shuka. Kati ya misimu hiyo miwili ndipo masika inapokaa, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei inapoishia, na Aprili huwa ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Hapo baadhi ya kambi za kitalii, hasa za hifadhini Saadani, hufunga milango kabisa. Zinazobaki wazi hushusha bei, kwa sababu mishahara ya walinzi na wapishi haisubiri jua litoke.

Ila Bagamoyo si Nungwi ya Zanzibar. Iko kama kilomita 70 tu kutoka Dar es Salaam, na ina wateja wa aina mbili wasiotishwa na mvua. Wa kwanza ni watu wa Dar wenyewe, wanaokuja wikiendi na sikukuu. Aprili imejaa sikukuu: Siku ya Karume tarehe 7, ya Muungano tarehe 26, Mei Mosi inafuatia, na Pasaka mara nyingi inaangukia humo humo. Wa pili ni watu wa semina. Taasisi na miradi mingi ya Dar hupenda kuwatoa watumishi wake nje kidogo ya mji ili wasitoroke mchana, na mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30, kwa hiyo Mei na Juni kuna pilikapilika za kumaliza mafungu. Unaingia hotelini unakuta bango la warsha getini, washiriki wenye vitambulisho shingoni wamepanga foleni ya chai ya saa nne na sambusa, na vyumba vyote vimeshikwa hadi Ijumaa.

Ndiyo maana swali la kwanza kwenye simu lisiwe bei. Uliza kama wiki hiyo wana semina. Wakisema hawana, umeshajua kwamba katikati ya wiki vyumba viko vitupu, na mtu mwenye vyumba vitupu anaongea vizuri. Usiku wa Jumapili ndio ninaoupenda zaidi mimi: wa Dar wameshaondoka, na wa semina wengi ndio kwanza wanafunga mabegi. Omba bei ya siku mbili tatu kwa pamoja, uliza kama chai ya asubuhi imo, uliza habari ya jenereta. Bei utajiwe kwa shilingi, maana kanuni zilizoanza Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Bei uliyoiona mtandaoni ichukue kuwa mahali pa kuanzia mazungumzo tu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Gesti za mjini, zile za karibu na stendi na soko, bei zake hazijui masika wala kaskazi. Wateja wake ni wafanyabiashara, madereva na watumishi waliohamishiwa, na hao wapo mwaka mzima. Punguzo lote liko juu, kwenye hoteli za ufukweni, ambako si ajabu chumba kushuka bei kwa theluthi moja au zaidi. Maana yake ni kwamba mwenye fedha kidogo akija Agosti anabaki gesti, akija Mei anaongeza kiasi tu na kuhamia kwenye chumba kinachotazama bahari. Kama nia yako ni gesti tangu mwanzo, basi huna sababu ya kunyeshewa: njoo Septemba.

Sasa tuseme mahali penyewe, kwa sababu si kila kipande cha pwani hii kinavumilia mvua. Saadani, hifadhi ya taifa pekee nchini inayopakana na Bahari ya Hindi, ni nzuri kupita maelezo, lakini sehemu kubwa ya njia zake za ndani zimepita kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa, hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne linazama humo. Utalipa kiingilio, utalipa gari, na siku itaishia kwenye kuvuta na kusukuma. Pangani nako, kaskazini zaidi, kivutio chake kikubwa ni Maziwe, fungu la mchanga lililohifadhiwa tangu 1975 na ambalo maji yakijaa hulimeza. Huko huendi bila boti na bahari iliyotulia. Barabara ya lami ya kutoka Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani imekuwa ikijengwa kwa vipande, hivyo uliza hali ya kila kipande kabla ya kumwamini aliyepita kiangazi.

Bagamoyo mjini ni tofauti, kwani utajiri wake uko kwenye kuta na paa. Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa 1868 ina makumbusho ambayo mvua ikipiga nje wewe uko ndani unasoma habari za biashara ya watumwa na za waliokombolewa wakaishi hapo. Kando yake upo mnara wa kanisa la zamani, ulipolazwa mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone Februari 1874 baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kutoka bara. Mvua ikikatika, nenda kwenye mbuyu wa hapo hapo misheni. Inasemekana mama mmoja wa Kifaransa alikuwa akimfunga punda wake hapo kwa mnyororo, naye akausahau. Mti umenenepa ukaumeza, na pingili chache tu ndizo zinazochungulia kwenye gome. Mjini kuna Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, na Caravan Serai walikopumzika wapagazi wa misafara. TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981, kina ukumbi wake wa maonyesho, na hata usipokuta onyesho unaweza kukuta wanafunzi wako mazoezini.

Kaole, kilomita chache kusini, ndiyo inayohitaji mwavuli: msikiti wa kale, makaburi yenye nguzo, na kisima cha maji baridi hatua chache kutoka mikokoni. Nenda asubuhi kukiwa kweupe. Masika si mvua ya kutwa kila siku, kuna vipindi virefu vya jua ambavyo watu waliokaa Dar wakitazama mawingu hawavijui.

Kitu kimoja sitakudanganya: bahari. Mto Ruvu unaingia baharini jirani tu, kaskazini mwa mji, na wakati wa masika unakuja na tope la bara lote la Pwani na Morogoro. Maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mwenye hamu ya kuogelea kwenye maji ya buluu atafute mwezi mwingine.

Kutoka Dar, panda basi dogo kituo cha Makumbusho, upite Bunju, Mapinga na Kerege. Anayetoka Mombasa kupitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro hana haja ya kwenda hadi Dar na kurudi: barabara kuu ina mchepuko wa lami pale Msata, kilomita 64 hivi hadi Bagamoyo. Mwambie kondakta mapema, maana baadhi ya mabasi ya Tanga na Arusha hupita huko moja kwa moja na mengine hushika Chalinze. Mkenya akumbuke kwamba kitambulisho cha taifa, kinachomvusha kwenda Uganda, huku hakitoshi: abebe pasipoti au hati ya muda, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hati hiyo hiyo aionyeshe hifadhini, kwani raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, cha chini mno kuliko cha wageni wa mbali. Na likizo ya Aprili ya shule za Kenya inaangukia masika barabara, kwa hiyo familia ya Mombasa ina dirisha ambalo mwenzake wa Dar, mwenye watoto wanaopata likizo ndefu Juni, hana.

Tenga fedha ya usiku mmoja wa ziada, usiiguse. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia kisiwa cha Mafia, boti za Dar na Zanzibar zilisimama, na aliyekata tiketi ya kuunganisha safari siku hiyo alilala alipokuwepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa masika kabla msimu haujaanza, kisha utabiri wa siku chache chache. Huo wa pili ndio wa kuufuata. Na kuhusu mbu: chandarua utakikuta chumbani, lakini mbu wa dengu, ugonjwa uliolitesa jiji la Dar 2014 na 2019, anauma mchana, kwa hiyo dawa ya kupaka iwe mfukoni.

Ningechagua mwenyewe, ningekuja wiki ya mwisho ya Mei au ya kwanza ya Juni. Mvua inakuwa imeshachoka, majani bado mabichi, wageni wa Ulaya hawajatua, na hoteli nyingi zinaendelea na bei za masika hadi katikati ya Juni au mwisho wake. Wapinzani wako ni watu wa semina tu, na hao wanajulikana kwa simu moja. Kambi za Saadani zinaanza kufunguka Juni, kwa hiyo weka Bagamoyo mwanzo wa safari na Saadani mwishoni, udongo upate siku za kukauka.