Bukavu: Likizo kubwa yafika, paka wa nyumbani atabaki na nani?

Matokeo ya mwisho wa mwaka yanapotangazwa mashuleni mwanzoni mwa Julai, familia nyingi za Bukavu huanza kufunga mizigo. Wengine huelekea Uvira, wengine kijijini, wengine hupanda boti kwenda Goma kuona wazazi. Watarudi mwishoni mwa Agosti, siku chache kabla ya masomo. Kwa muda huo wote nyumba hufungwa kufuli. Ndani yake hubaki magunia ya akiba, na mara nyingi hubaki pia paka.

Katika komine ya Kadutu, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne, mwaka huu hataki tena kuondoka hivyo hivyo. Mwaka uliopita familia yake ilikaa Goma majuma saba. Paka wao, jike mwenye madoa meusi ambaye watoto humuita Minu, aliachiwa sufuria ya bugali na beseni la maji nyuma ya jikoni. Hakuna jirani aliyeombwa kitu. Kila mtu alifikiri paka anajua kujitafutia.

Waliporudi, Minu hakuwepo. Gunia la maharagi lililokuwa limetunzwa kwa ajili ya Septemba lilikuwa limetobolewa chini, na nusu yake imegeuka ganda na mavi ya panya. Madaftari mapya ya watoto yalikuwa yametafunwa pembeni. Mwezi ule ule wa kulipia watoto vifaa vya shule, mwalimu alilazimika kununua chakula alichokuwa tayari anacho. Minu alirudi baada ya siku tisa, amekonda, sikio moja limepasuka.

Kwa nyumba nyingi za Bukavu, zinazobanana juu ya vilima na kutenganishwa na ukuta mmoja tu wa mbao, paka si wa kuchezea watoto peke yake. Ndiye mlinzi wa unga, mahindi na maharagi. Lakini mlinzi huyo halipwi, na wengi huamini kwamba panya wanamtosha kuwa chakula.

Wanaotibu mifugo wanasema sivyo. Paka anahitaji nyama au samaki, kwani mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha kitu kinachoitwa taurini, ambacho hulinda macho na moyo. Bugali peke yake humjaza tumbo bila kumlisha. Tena, paka asiyekula kabisa kwa siku mbili au tatu anaweza kuharibika ini, hasa kama alikuwa mnene. Na Julai na Agosti ni kiangazi: mvua ni haba, vumbi ni jingi, na beseni la maji lililoachwa nje halimalizi juma.

Mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya safari, mwalimu na mume wake walikaa na watoto kupima njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa kusafiri na Minu. Watoto waliipenda, baba akaikataa. Masaa mengi kwenye boti, katikati ya mizigo na watu, ndani ya kikapu, ni mateso kwa mnyama na kero kwa abiria. Tena paka huzoea mahali kuliko anavyozoea watu. Akifika nyumba mpya anapaswa kufungiwa ndani kama majuma mawili ili aijue, la sivyo hutoka kutafuta kwao na kupotea. Nyumba ya bibi huko Goma ina watu kumi na mlango usiofungwa mchana kutwa.

Njia ya pili ilikuwa kumpeleka kwa shangazi anayekaa Bagira. Shangazi hakukataa, lakini ana mbwa. Na gunia la Kadutu lingebaki bila mlinzi, jambo ambalo ndilo lililoleta mazungumzo yote haya.

Ikabaki njia ya tatu: Minu abaki kwake, na mtu wa karibu amwangalie. Binti wa miaka 12 ndiye aliyemtaja jirani wa ukuta wa pili, mama anayeuza unga wa muhogo na mahindi sokoni.

Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Jirani huyo hutega sumu ya panya chini ya magunia yake, ile inayouzwa njiani kwenye vifuko vidogo. Sumu nyingi za aina hiyo huzuia damu isigande, na panya hafi siku ile ile. Hutembea siku kadhaa akiwa mlegevu, na panya mlegevu ndiye paka humkamata kwanza. Paka akila panya wa namna hiyo, naye anaweza kufa.

Mwalimu alimuomba jirani aache sumu kwa miezi miwili. Jirani akauliza, kwa haki yake, ni nani atakayemlipa kama panya watakula mtaji wake. Unga ule ndio unaolisha nyumba yake. Paka mmoja wa watu wengine hauwezi kumfanya alale usingizi.

Hawakupatana siku hiyo. Mwalimu alirudi kwake akifikiri mambo yameharibika. Aliyevunja ukimya ni mume wake: kama jirani anaogopa panya, basi Minu alale kwa jirani usiku, ndani ya ghala lake, mchana arudi jikoni kwake. Nyumba mbili, mlinzi mmoja. Na ili jirani asiamini maneno matupu, jaribio lianze mara moja, majuma matatu kabla ya likizo, wenyewe wakiwa bado wapo.

Jirani alikubali kujaribu. Aliokota sumu yote, akafagia chini ya magunia na kuyapandisha juu ya mbao. Juma la kwanza Minu alilia mlangoni usiku kucha. Juma la pili, asubuhi tatu mfululizo, jirani alikuta panya amelazwa mbele ya mlango. Tangu hapo hakuuliza tena habari ya sumu.

Makubaliano yao yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari. Kila siku konzi moja ya sambaza zilizochemshwa bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwa paka. Zikikosekana, samaki wakavu waliolowekwa na maji kumwagwa ili chumvi itoke. Maji safi asubuhi na jioni. Pesa ya samaki ya mwezi wa kwanza imetolewa mkononi, ya pili itatumwa kwa simu. Funguo za nyumba hazikutolewa, na jirani hakuziomba: tundu la paka nyuma ya jikoni linatosha.

Kuna kipengele cha mwisho, ambacho baba alisisitiza. Kama familia ikichelewa, jirani aendelee na pesa itafuata. Hakuna aliyemuuliza sababu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita ilipofika Goma, safari za boti kati ya miji hiyo miwili zilisimama kwa muda, na wengi walikwama upande ambao hawakupanga kulala.

Kabla ya kuondoka, Minu alipelekwa kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka pia huweza kuubeba. Watoto wa jirani walifundishwa kwamba mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aliyemchanja alikumbusha jambo lingine: paka jike hubeba mimba kwa miezi miwili hivi. Likizo moja inatosha kabisa kuondoka na paka mmoja na kukuta watano.

Jirani alisikia habari hiyo akacheka. Aliomba iongezwe kwenye karatasi: watoto wakizaliwa, wa kwanza kuchaguliwa ni wake.