Fahamu: Kazi ya kuratibu elimu masafa

Mratibu wa programu ya elimu masafa ndiye anayehakikisha kozi inakwenda ingawa mwanafunzi, mkufunzi na ofisi hawako mahali pamoja. Kazi hii si ngeni Afrika Mashariki. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, kabla intaneti haijaenea nchini. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichoko Konza, kilipewa hati yake mwaka 2023.

Siku huanzia kwenye mfumo wa masomo, mara nyingi Moodle. Mratibu hutazama nani hajaingia kwa wiki mbili, kazi ipi haijasahihishwa, kiungo kipi hakifunguki. Kisha simu zinaanza. Mara nyingi aliyepotea hajaacha masomo: bando limekwisha, au amehamishwa kituo cha kazi. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unaweza kumrudisha upesi kuliko barua pepe tatu. Mratibu mzuri hujulikana hapo, wala si kwenye ripoti.

Yanayobaki ni ratiba, bajeti, mikataba ya wakufunzi na maandalizi ya mitihani.

Kwa kawaida waajiri hutaka shahada, hasa ya elimu, pamoja na uzoefu wa kufundisha au kusimamia miradi. Hata akiruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, mratibu hajipangii saa. Wanafunzi wengi ni waajiriwa, hivyo maswali yao huja usiku. Anayeomba nafasi hii aulize mapema ni nani atakayelipia intaneti.