Mhudumu wa Nyumbani Husimamiwaje?

Wodini macho ni mengi: muuguzi mkuu hupita, daktari hupita, na mgonjwa wa kitanda cha pili huona kila kitu. Mhudumu anayekwenda kumwogesha mzee nyumbani kwake hufunga mlango, na kilichotendeka humo hubaki baina yake na huyo mzee, ambaye pengine kumbukumbu zimeanza kumtoka. Kumsimamia mhudumu wa namna hii ni kazi ya kipekee, na nchini England imewekewa sheria.

Sheria ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda Tume ya Ubora wa Huduma, CQC, iliyoanza kazi 2009. Kampuni inayowaogesha, kuwavisha au kuwalisha watu majumbani sharti isajiliwe nayo. Inayofagia nyumba na kununua mahitaji tu haihusiki. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina wakaguzi wao. Kampuni huwa na meneja aliyesajiliwa kwa jina lake, anayewajibika kisheria yeye mwenyewe. Aidha, Kanuni ya 17 ya mwaka 2014 inaitaka kampuni ijikague: itafute kasoro zake na kuzirekebisha kabla mkaguzi wa serikali hajabisha hodi.

Msingi wa ukaguzi huo ni mpango wa huduma, yaani maandishi yanayoeleza mhudumiwa anahitaji nini, saa ngapi, na apewe kwa njia gani. Msimamizi huupeleka mpango huo hadi nyumbani na kuulinganisha na hali halisi. Mara nyingine huenda bila taarifa, akaangalia kama mhudumu amefika kwa wakati, amevaa glovu, na anamnyanyua mzee jinsi alivyofundishwa.

Karatasi inayofichua mengi zaidi ni fomu ya dawa. Kila dozi ina kisanduku chake, na mhudumu hutia sahihi anapoitoa, au alama maalumu mhudumiwa anapoikataa. Kisanduku kitupu kina maana mbili: dawa haikutolewa, au ilitolewa na sahihi ikasahaulika. Namna ya kujua ni kuhesabu vidonge vilivyobaki. Lakini meneja mzoefu huitilia shaka hata fomu iliyojaa bila pengo, maana zipo sahihi zinazotiwa zote kwa pamoja mwisho wa wiki. Ikiwa mzee alilazwa hospitali Jumatano na fomu ya nyumbani inaonyesha alimeza dawa siku hiyo, si fomu hiyo tu iliyoharibika. Kila rekodi ya mhudumu huyo inabidi ipitiwe upya.

Saa nazo huchunguzwa. Kampuni nyingi hutumia programu ya simu inayorekodi mhudumu alipoingia na alipotoka. Ziara iliyolipiwa nusu saa ikionekana kudumu dakika 12, maelezo yanahitajika. Hata hivyo kosa huenda likawa la ofisi: ratiba inayomtaka mhudumu amalize mtaa mmoja saa tatu kamili na aanze mtaa mwingine saa tatu hiyo hiyo haikumwachia muda wa njiani. Kumkaripia mhudumu hapo ni kumwonea.

Malalamiko machache hayathibitishi kwamba huduma ni nzuri. Wazee wengi hunyamaza wakihofia kumpoteza mhudumu waliyemzoea, au kwamba atawanunia. Kwa hiyo anayepiga simu kuulizia huduma asiwe yule anayeitoa. Kuna pia mambo ambayo meneja hana hiari ya kuyaweka kabatini: vifo vinavyotokea wakati wa huduma, majeraha makubwa na tuhuma za unyanyasaji huarifiwa CQC bila kuchelewa.

Wakaguzi wa CQC huuliza maswali matano: huduma ni salama? Inafaa? Ina utu? Inaitikia mahitaji ya mtu? Inaongozwa vizuri? Majibu huzaa moja ya madaraja manne, kuanzia bora kabisa hadi duni, na kampuni hulazimika kulionyesha hadharani. Hali duni ikizidi, usajili waweza kufutwa. Tatizo ni kwamba tume yenyewe imelegalega. Tathmini ya utendaji wake iliyoongozwa na Dkt. Penny Dash mwaka 2024 iligundua kuwa takriban kituo kimoja kati ya vitano ambavyo tume ina mamlaka ya kuvikagua hakijawahi kupewa daraja.

Jambo hili linawagusa pia Waafrika Mashariki. Wahudumu walifunguliwa mlango wa viza ya Uingereza Februari 2022, na Wakenya ni miongoni mwa walioajiriwa kabla ya uajiri mpya kutoka nje kusitishwa Julai 2025. Tangu Machi 2024 mwajiri wa England anayedhamini wahudumu sharti awe amesajiliwa na CQC. Akipoteza leseni ya udhamini, kwa kawaida mhudumu hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka nchini, hata kama fomu zake zote zilikuwa safi.